Teksi mtandao na dereva "anayejitegemea": maswali yanayoulizwa mara kwa mara vijiweni Mbeya

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha madereva wa bajaji hapa Mbeya mjini. Kazi yangu ni daftari, risiti na kugombana na watu kuhusu michango. Maswali haya nimeyasikia Kabwe, Mwanjelwa, Soweto na Uyole, mengi kutoka kwa vijana waliowahi kuendesha Dar es Salaam au Dodoma kwa programu ya simu wakarudi nyumbani. Mengine yananijia usiku wa manane kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nimeyapa namba ili nisirudie jibu moja mara tatu. Ukiona "tazama swali la 6", nenda huko.

## Misingi

1. Teksi mtandao inatofautianaje na kijiwe?

Kijiweni abiria anakuja kwako, mnapatana bei, unampeleka. Kwenye teksi mtandao abiria anabonyeza simu, kompyuta inachagua dereva aliye karibu, inapanga nauli na kukata kamisheni. Uber ilianzia San Francisco mwaka 2009 na ikaingia Dar es Salaam 2016. Bolt ilianzia Tallinn, Estonia, mwaka 2013, na zamani ilikuwa ikiitwa Taxify. inDrive imebakiza kitu cha kijiweni: abiria anataja bei yake na dereva anaweza kubisha.

Gari, bajaji au pikipiki haimilikiwi na kampuni. Kumbuka hilo, kwa sababu karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye hoja hiyo.

2. Mkataba unaniita "mshirika" au "mkandarasi huru". Maana yake nini?

Maana yake kampuni inasema wewe ni mfanyabiashara uliyenunua huduma kwao, huduma yenyewe ikiwa ni kutafutiwa abiria. Wao hawakulipi mshahara, bali wewe ndiye unayewalipa kamisheni. Kwa maelezo hayo, wewe na mama anayeuza parachichi Soko la Mwanjelwa ni wamoja: yeye analipia meza, wewe unalipia programu.

Ubaya wa mfano huo ni kwamba mama wa parachichi anapanga bei mwenyewe, anamjua mteja wake kwa jina, na hakuna mtu wa kumfungia meza saa 8 usiku kwa sababu nyota anazopewa na wateja zimeshuka.

3. Mwajiriwa anapata nini ambacho mimi sipati?

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiriwa ana likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kinga ya kutofukuzwa bila sababu halali na utaratibu. Mwajiri anachangia NSSF kwa ajili yake. Anachangia pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao unalipa mtu akiumia kazini, na mchango huo haukatwi kwenye mshahara hata senti moja.

Anayejitegemea anaweza kujiunga NSSF kwa hiari na kuchangia peke yake. Ninawashauri wote mfanye hivyo, na ninajua wengi wenu hamtafanya.

4. Mbona huu ndio mfumo wetu wa hesabu tangu zamani?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Tajiri ana bajaji, wewe unampelekea hesabu, yaani kiasi mlichopatana, kila jioni, mvua inyeshe au jua liwake. Ukipata vichwa vingi ni bahati yako, ukikosa ni shida yako. Hakuna likizo wala NSSF. Kampuni za mtandao hazikuleta dhambi mpya Mbeya, ndiyo maana vijana wengi wanapoambiwa wananyonywa wanacheka tu.

Tofauti ninaziona mbili. Ya kwanza, tajiri amebeba chombo. Injini ikifa ni pesa yake, na siku gari liko gereji hesabu hailipwi, isipokuwa tajiri awe na roho ngumu. Kampuni haijabeba hata tairi. Ya pili, tajiri unamjua. Unaweza kumpigia ukamwambia, "Bosi, leo mtoto analazwa Hospitali ya Meta, nitaleta nusu." Programu haina masikio ya namna hiyo.

## Pesa

5. Kampuni inaruhusiwa kukata asilimia ngapi?

Tanzania jambo hili linasimamiwa na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Mwaka 2022 LATRA iliweka kikomo cha asilimia 15. Kabla ya hapo kampuni zilikuwa zinakata robo, nyingine mpaka theluthi. Aprili mwaka huo Uber ikasimamisha huduma nchini, na baadaye Bolt ikabakiza wateja wa makampuni tu. Kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na mwanzoni mwa 2023 Uber ikarudi. Kenya, kwa kanuni zao za mwaka 2022, waliweka asilimia 18.

Ugomvi wote huo ulihusu kamisheni. Swali la nani ni mwajiri halikuguswa.

6. Nikipiga hesabu vizuri, nabaki na nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ndilo watu wanalolikimbia. Kijana mmoja wa kikundi chetu aliwahi kuendesha bajaji kwa programu nje ya Mbeya. Aliporudi alikuwa anajisifu kwamba huko anafunga siku na elfu sitini. Asubuhi moja ya Juni, baridi ile ya kuvaa makoti mawili, tulikaa Sokomatola na chai ya tangawizi nikamwambia afungue daftari lake. Alikuwa anapiga kijiti kwa kila safari, kama mtoto wa shule anayejifunza kuhesabu. Tukachukua siku moja nzuri. Tarakimu nimezizungusha kidogo ili hesabu iende vizuri.

Aliwasha simu saa 12 asubuhi akazima saa 11 jioni. Hizo ni saa 11. Vijiti vilikuwa 20, kila safari wastani wa shilingi 3,000, jumla 60,000. Kamisheni ya asilimia 25 ni 15,000, zikabaki 45,000. Petroli lita 5 kwa 3,000 kila lita, 15,000, zikabaki 30,000. Hesabu ya tajiri 15,000, zikabaki 15,000. Bando 1,000, kuosha chombo 2,000, chakula na chai 3,000. Zikabaki 9,000.

Akaniangalia, akaniomba nirudie kujumlisha. Nikarudia.

Halafu tukaingia kwenye muda. Kila safari, tangu apokee oda mpaka amshushe abiria, ilikuwa kama dakika 15. Safari 20 ni saa 5. Saa 6 zilizobaki alikuwa amekaa chini ya mti, au anazunguka bila abiria akitafuta sehemu yenye oda. Ukigawa 9,000 kwa saa 5 za safari unapata 1,800 kwa saa, na mtu atasema si haba. Ukigawa kwa saa zote 11 unapata 818. Dereva ni yuleyule, siku ni ileile. Kesi kubwa duniani kuhusu kampuni hizi, ukizivua maneno ya kizungu, ni ugomvi wa kuchagua ugawe kwa 5 au kwa 11. Shika hesabu hii, nitairudia.

Kama chombo ni chako usifurahi haraka. Tuseme umenunua bajaji kwa milioni 9, itafanya kazi vizuri miaka 5, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni 6,000 kila siku inayeyuka hata kabla hujanunua tairi. Vilima vya Mbeya navyo vinakula klachi na breki kuliko barabara za tambarare, na petroli ya huku ina bei kuliko ya Dar kwa sababu ya usafirishaji, angalia bei za kila mwezi za EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, utaona. Uchakavu hautumi ujumbe kwenye simu. Unakuja siku moja fundi anafuta mikono na kukwambia, "Kaka, hii injini ishushwe."

7. Kama wanakata robo ya kila nauli, mbona zilikuwa zinapata hasara?

Kwa sababu kwa miaka mingi nauli ilikuwa inalipiwa sehemu na abiria na sehemu na wawekezaji. Kampuni zilitoa ofa kwa abiria na bonasi kwa madereva ili kuua ushindani. Uber ilipata hasara ya karibu dola bilioni 8.5 mwaka 2019 peke yake, mwaka ilioanza kuuza hisa sokoni. Faida yake ya kwanza ya uendeshaji kwa mwaka mzima ilikuwa 2023, kama dola bilioni 1.1. Lyft ya Marekani ilisubiri hadi 2024 kupata faida halisi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo mtu akikwambia "wakiwaajiri madereva watafilisika", mwambie hasara ile yote waliipata wakiwa hawajaajiri dereva hata mmoja kwa hiari yao. Kilichobadilika baadaye ni kwamba ofa zilipungua na nauli zikapanda. Mashindano yalipopoa, pesa ikaonekana.

8. Basi ni kweli zinaishi kwa sababu hazituajiri?

Zinaishi kwa sababu vitu viwili viko mgongoni mwa mtu mwingine: uchakavu wa chombo na saa za kusubiri. Watu wakizungumzia ajira wanataja NSSF na likizo. Hizo zinauma kampuni lakini haziui. Asilimia 10 ya NSSF unaweza kuiingiza kwenye nauli, abiria akanung'unika wiki mbili kisha akazoea.

Kinachowatisha ni zile saa 6 za swali la 6. Leo kampuni inaweza kuruhusu madereva elfu moja wawashe simu mahali penye kazi ya mia nne, na haipotezi kitu. Inapata faida, kwa sababu abiria anapata chombo ndani ya dakika tatu. Ikilazimika kulipia kila saa ya kusubiri, itabidi ipunguze madereva wanaoruhusiwa kuwasha. Si maneno tu. Jiji la New York lilipoweka kiwango cha chini cha malipo ya dereva, dola 17.22 kwa saa baada ya gharama, kanuni ikizingatia pia muda anaokaa bila abiria, Lyft na Uber zilianza mwaka 2019 kuwazuia madereva kuingia kwenye programu nyakati ambazo kazi ni chache.

Jibu langu basi: kampuni hizi zinaweza kudumu hata zikiwajibika kwa dereva, ila zikiwa na madereva wachache na nauli ya juu kidogo. Zile hofu za kufa ni hofu za kupungua. Na wewe unayeuliza ujue kwamba kwenye huo upungufu huenda jina lako ndilo litakalokatwa, hasa kama umeingia jana.

## Sheria

9. Sheria ya Tanzania inasema mimi ni nani?

Haitaji dereva wa programu kwa jina. Lakini soma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004. Kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atadhaniwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, ikiwa hata jambo moja kati ya haya lipo: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinaongozwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu.

Saa 45 kwa mwezi! Kijana wa swali la 6 anazipita siku ya tano.

Usikimbilie sherehe. Kudhaniwa ni mwanzo tu wa kesi. Maana yake mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa kampuni, nayo itasema humfanyii kazi yeye, unamfanyia abiria. Itasema vifaa ni vyako, unazima simu utakapo, na una programu tatu kwenye simu moja. Hoja hizo zina uzito. Mtu anayeendesha Jumamosi tu baada ya kazi yake ya ualimu sidhani kama atashinda. Anayeendesha siku sita kwa programu moja, kwa nauli asiyoipanga, ana kesi ya kusikilizwa.

10. Nimesaini kwamba mimi si mwajiriwa. Si imekwisha?

Haijaisha. Kifungu hichohicho kinasema mkataba uwe wa namna yoyote ile. Mahakama inaangalia mnavyoishi, karatasi ni ushahidi mmoja kati ya mingi. Ukimwita mbuzi ng'ombe kwenye hati, bado atalia kama mbuzi.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni: umesaini na nani? Afrika Kusini mwaka 2017 tume yao ya usuluhishi wa kazi iliona madereva wa Uber ni waajiriwa. Januari 2018 Mahakama ya Kazi ikautengua uamuzi ule, kwa sababu madereva walikuwa wameishitaki kampuni ya Uber ya Afrika Kusini wakati mkataba wao ulikuwa na Uber B.V. ya Uholanzi. Fungua mkataba wako kwenye simu, shuka mpaka mwisho, angalia jina la kampuni na nchi. Fanya hivyo leo, kabla hujagombana na mtu.

11. Nchi nyingine zimeamua nini?

Uingereza ndiyo kesi ya kusoma. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa kauli moja, ilisema madereva wa Uber waliofungua kesi wakiongozwa na Yaseen Aslam na James Farrar ni wafanyakazi wa daraja lililoko katikati ya mwajiriwa kamili na mtu anayejitegemea, wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Majaji waliangalia mambo ambayo kijana yeyote wa Kabwe angeyataja: Uber inapanga nauli, inapanga masharti, inamwadhibu anayekataa oda nyingi, inatumia nyota kumdhibiti, na inazuia dereva asijenge mazoea na abiria. Mahakama ilihesabu muda tangu dereva awashe programu akiwa tayari kupokea oda. Mwezi uliofuata Uber ilitangaza kuwapa haki hizo madereva zaidi ya 70,000, ila ikahesabu tangu oda ipokelewe. Unaona? Gawa kwa 11 au gawa kwa 5.

Ufaransa mahakama yao ya juu iliamua Machi 2020 kwamba dereva aliyeshitaki alikuwa mwajiriwa. California walitunga sheria iliyoanza Januari 2020 ya kuwafanya madereva waajiriwa, kampuni zikatumia zaidi ya dola milioni 200 kwenye kampeni, na Novemba mwaka huohuo wapiga kura wakapitisha Pendekezo la 22 lililowarudisha kuwa wanaojitegemea. Wakapewa dhamana ya asilimia 120 ya kima cha chini, kwa muda wa safari tu. Mahakama ya Juu ya jimbo ililiacha pendekezo hilo lisimame Julai 2024. Umoja wa Ulaya mwaka huohuo wa 2024 ulipitisha mwongozo unaotaka nchi wanachama ziwe na dhana ya ajira kwa wafanyakazi wa majukwaa ya mtandaoni, kabla ya mwisho wa 2026. Dhana hiyo inafanana na ile tuliyonayo sisi tangu 2004.

12. Tukidai sana, si wataondoka?

Wanaweza. Wameshafanya hivyo hapa 2022 (swali la 5). Hispania mwaka 2021, sheria ya wasafirisha chakula ilipokuja, Deliveroo ilifunga virago.

Lakini Uber haijaondoka Uingereza mpaka leo, na ule mwaka wake wa kwanza wa faida ulikuja miaka miwili baada ya hukumu. Ukubwa wa soko ndio unaoamua. London hawezi kuiacha mtu. Jiji la Mbeya, lenye watu zaidi ya nusu milioni na nauli za elfu mbili tatu, linaachika kirahisi, na mdai yeyote asiyelikubali hilo anajidanganya. Nguvu yetu iko kwenye sheria ya nchi nzima. Kijiwe kimoja kugoma Mafiati kitawaumiza wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST na kina mama wanaotoka hospitali, huko makao makuu wasijue hata kama kuna mgomo.

## Kati ya kuajiriwa na kuachwa

13. Nikiajiriwa nitapoteza uhuru wa kuzima simu?

Si lazima kisheria. Uingereza madereva wanawasha na kuzima kama zamani. Ila kampuni ikianza kulipia muda itataka kuutumia muda huo, na hapo zamu zitaanza kunukia.

Vijana wengi wanaupenda uhuru huu kwa dhati na siwalaumu. Kuna anayelima viazi Umalila, Novemba anataka kuwa shambani wiki nzima. Kuna anayewahi kwaya. Nawauliza tu: siku ambayo petroli imekula kila kitu na mtoto anadai ada, unazima saa ngapi?

14. Hakuna njia ya tatu?

Ipo, na kwa miji ya ukubwa wetu naiona ina uwezekano kuliko hizo mbili. Bengaluru, India, kuna programu inaitwa Namma Yatri iliyoanza mwaka 2022 kwa madereva wa bajaji. Haikati kamisheni. Dereva analipa ada ndogo, ambayo ilipoanzishwa ilikuwa rupia 25 kwa siku au tatu na nusu kwa safari, na nauli yote ni yake. Hiyo ni hesabu ya kijiweni iliyopata simu! Hapo kampuni ikisema "sisi ni madalali tu", inasema kweli, maana haina sababu ya kukubana kwenye nauli.

Kwetu ningeanzia chini zaidi. Kikundi kisajiliwe halmashauri, kiombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kama vijana wanastahili, vyombo viwe vyao, wachange NSSF kwa pamoja. Mtu mwenye chombo chake anajadiliana na programu yoyote akiwa amekaa kwenye kiti, si amepiga magoti. Kikundi chetu kimejaribu. Fomu ya kwanza ilirudi kwa sababu wanachama wawili waliandika majina ya utani.

## Mambo ya pembeni

15. Nikipata ajali nikiwa na abiria wa programu, nani analipa?

Anza na bima ya chombo. Bima ndogo, ile ya lazima, ni kwa ajili ya watu wengine utakaowaumiza. Wewe dereva na bajaji yako hamumo. Hakikisha imekatwa kama chombo cha biashara. Ukikata ya binafsi ili kuokoa pesa halafu ukapata ajali na abiria, kampuni ya bima ina sababu nzuri ya kukukimbia. WCF haikuhusu mpaka uhesabike mwajiriwa (maswali ya 3 na 9). Baadhi ya programu zina bima ya safari, lakini soma inaanza lini: kwa kawaida ni ukiwa na oda. Ukigongwa na lori lililokatika breki mteremko wa Mbalizi ukiwa unarudi mtupu, hiyo ni ile saa ya kusubiri tena.

16. Wamenifungia akaunti bila maelezo. Niende wapi?

Kwanza piga picha ya skrini ya kila kitu kabla hakijapotea: ujumbe wa kufungiwa, nyota zako, safari za miezi mitatu ya mwisho. Kata rufaa ndani ya programu, kwa maandishi. Kama unaamini wewe ni mwajiriwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ina ofisi hapa Mbeya. Lalamiko la kuachishwa kazi lipelekwe ndani ya siku 30. Migogoro mingine siku 60. Tegemea pingamizi la kwanza kuwa "huyu si mwajiriwa wetu". Ndiyo maana nikasema picha za miezi mitatu: zinahesabu zile saa 45.

17. Naendesha kwa akaunti ya shemeji yangu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu vibaya. Kwa kampuni wewe hupo. Ajali ikitokea, jina la kwenye programu si lako, bima inapata mlango wa kutokea, na CMA huna pa kuanzia. Maliza usajili wako.

18. Si wataleta magari yasiyo na dereva, ugomvi uishe?

Waymo inabeba abiria wa kulipa bila dereva katika miji kama Phoenix na San Francisco, kwa hiyo si hadithi. Uber ilikuwa na kitengo chake cha magari hayo ikakiuza mwishoni mwa 2020. Fikiria kwa nini. Dereva akiondoka, chombo kinabaki bila mtu wa kubeba uchakavu wake. Mtu fulani lazima anunue gari, alilaze, alioshe, alibadilishie tairi. Ule mzigo wa swali la 8 unarudi ofisini. Na hilo gari likutane na bajaji tatu sambamba pale Kabwe saa 12 jioni, nitakuja kuangalia.

19. Mimi nina bajaji mbili nimewapa vijana, wananiletea hesabu. Na mimi ni mwajiri?

Rudi kwenye swali la 9 usome ile orodha polepole. Anakufanyia kazi wewe tu? Ndiyo. Vifaa ni vya nani? Vyako. Saa 45 kwa mwezi? Anazimaliza wiki ya kwanza. Anakutegemea kiuchumi? Anakupigia hata kuomba ya chumvi. Kampuni ya mtandao inagusa mambo matatu au manne kwenye orodha ile. Wewe unaweza kugusa sita.

Niliwahi kuwa na bajaji moja, nimempa kijana wa Ilemi. Alivunjika mkono barabara ya Uyole msimu wa mvua. Nililipia hospitali siku ya kwanza, nikapeleka mchele kilo tano, wiki iliyofuata chombo nikampa mwingine. Sikuona kosa lolote wakati ule, maana ndivyo wote tunavyofanya. Hesabu yake ya siku tatu za mwisho bado imeandikwa kwenye daftari langu kama deni.